Firigisi ya Shemeji Wafula

Jumamosi, 9 Agosti

Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kwamba firigisi imepotea. Ilitarajiwa mezani leo mchana, nyumbani kwa Mama, hapa kwenye nyumba za reli. Haikufika. Familia inaomba utulivu.

Siku ilianza kawaida. Nikafungua kibanda, nikauza makoti ya mitumba, maana Nakuru mwezi wa nane baridi inaingia hadi kwa mfupa. Nikafunga mapema. Shemeji Wafula alikuwa anakuja. Huyu ni mume wa mdogo wangu Nekesa, mwalimu wa historia huko Kitale. Mwezi wa nne alimvunja Nekesa mkono kwa kiti. Nekesa akaja kwa Mama na hajaondoka. Sasa shule zimefungwa na bwana amekuja kumchukua. Kile kiti anakiita "ile ajali".

Niandike vizuri, nisije nikajidanganya uzeeni. Kwetu Waluhya mgeni wa heshima anachinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Mwanamke haigusi. Mkwe aliyekosana na mkewe akiwekewa firigisi kwa kina mkewe, maana yake yameisha, chukua mtu wako uende. Mama alimtuma kaka yetu Musa alete jogoo. Musa akamleta huyo jogoo uchi, amenyonyolewa tayari, eti amechinjia kwa rafiki asituchafulie ua. Nekesa akapika, kwa mkono mmoja na nusu.

Bakuli likafunuliwa. Wafula akageuza vipande kwa kijiko. Mapaja, mabawa, mgongo. Akageuza tena. Nekesa akasema haikuwemo.

"Huyu kuku aliishi vipi bila firigisi?" Wafula akauliza.

Swali la mwalimu. Tukacheka kidogo. Yeye alitabasamu tu. Baadaye niliosha vyombo. Kijiko chake kilikuwa kimekunjwa kama kucha.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mahubiri yalikuwa juu ya kusamehe. Nani alimwambia pasta?

Nilimuuliza Nekesa tukiwa wawili. Anaapa hakukuwa na firigisi. Simwamini. Nadhani aliila jikoni amesimama, na kama aliila ningependa kumpa mkono. Alinikazia macho. Akasema atarudi Kitale, firigisi ama bila firigisi, kwa sababu ng'ombe wa mahari waliuzwa wakati wa mazishi ya Baba, na Wafula atawadai mbele ya wazee. Alisema hivyo huku akichambua sukuma. Hakulia. Nilichukia utulivu wake.

Wafula ametangaza likizo. Ametukodishia gari, dereva ndani. Kesho kasri la yule lodi Mzungu, upande wa Njoro. Jumatano ziwa la Naivasha, ufuoni ambako ndege za kuelea zilikuwa zinatua wakati wa vita. Babu yake alikuwa askari Burma, kwa hivyo vita vyote vya dunia ni mali ya familia yao. Anataka watu waone anatupenda.

Mama anakuja pia. Nilishtuka. Mama mkwe na mkwe kwetu hawali meza moja, hawashikani mkono, hawatazamani usoni. Tangu Nekesa aolewe, Mama hajawahi kumwita Wafula kwa jina. Atakaa kiti cha nyuma kabisa na leso itaning'inizwa katikati, kama pazia la kupigia kura. Nilimuuliza anafuata nini. Akasema naye anataka kuona ndege zilitua wapi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kasri. Mawe ya kijivu, madirisha mengi, nyasi zimekatwa kama nywele za askari. Mwelekezi wetu, kijana mwenye tai, alisema lodi alilijenga kumfurahisha mchumba. Nyumba ya kwanza mchumba aliiita banda la kuku. Akajenga hii. Mchumba akaikataa pia, akaolewa kwingine. Tangu hapo lodi hakutaka kuona mwanamke kwenye shamba lake. Hivyo ndivyo inavyosemekana. Wafula alisikiliza kama mtu anayesomewa wasia.

Aliposikia banda la kuku nilijua siku imeharibika.

Kwenye ukumbi wa kucheza dansi, watu wakipigana picha, alimvuta Nekesa nyuma ya ngazi. Mimi nilikuwa nasoma kibao. Nina tabia ya kusoma vibao, shule niliacha darasa la sita na yaliyobaki nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia nyama. Nilisikia sauti yake ya chini, kuku, kuku, halafu kofi. Halafu ngumi. Ngumi haifanani na kofi. Kofi linalia, ngumi inameza.

Nekesa alitoka ameshika mdomo. Damu ilidondoka kwenye mbao za sakafu, zile tulizoambiwa zilitoka ng'ambo kwa meli. Mwelekezi akaangalia damu, akaangalia Wafula, akaomba kwa upole tusichafue sakafu. Kisha akatuonyesha mahali pa kuotea moto.

Mimi nilifanya nini? Nilitoa kitambaa. Nilipangusa sakafu. Mimi, mtu mzima, nilipiga magoti nikapangusa sakafu ya lodi.

Mama alikuwa mlangoni, uso ukutani, kama heshima inavyotaka mkwe akiwa chumbani. Hakuona kitu. Lakini masikio hayana adabu ya kugeuka.

Jumanne, 12 Agosti

Musa amekuja kutoka Salgaa, anakolaza lori. Mtu alimpigia simu kuhusu mdomo wa Nekesa. Mtu huyo ni mimi.

Alifika amekunywa kidogo, ya kujipa moyo. Wafula alikuwa uani anapiga viatu rangi. Musa hakusalimu. Alimpiga teke la mgongo, kiatu kimoja kikaruka hadi kwa jirani. Nikafurahi. Furaha yangu ilikuwa fupi. Wafula si mwalimu wa vitabu tu, jioni anafundisha ndondi. Alimwangusha Musa kwenye saruji, akamkalia kifua, akampiga bila haraka, kama mtu anayesahihisha mitihani. Kushoto, kulia. Musa akamuuma kidole. Wafula akakishika kichwa chake, akakigonga chini. Jino likatoka. Kuku wa jirani akalikimbilia, akalidonoa, akaliacha. Huyo kuku firigisi anayo, na hata yeye aliona hilo haliwezekani.

Wanaume wanne wa nyumba za reli ndio waliomwondoa. Musa alitema damu akasema, "Budaa, utaenda, lakini dadangu utamwacha." Wafula akavaa shati lake vizuri, kifungo kwa kifungo. Akatuambia sote, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo maana niliogopa:

"Alhamisi naondoka na mke wangu. Ama naondoka na ng'ombe wangu. Shemeji, mwambie mama yako achague."

Shemeji ni mimi. Mama alikuwa hatua chache, nyuma ya mlango. Nikaenda nikamwambia alichosikia tayari. Alikuwa anachagua mchele.

Nekesa amepanga nguo kwenye begi. Nimemsaidia kukunja. Najichukia.

Jumatano, 13 Agosti

Niende polepole.

Musa alibaki, mdomo umevimba. Tulienda wanne na dereva. Wafula mbele, mimi na Nekesa katikati, leso, Mama. Njia nzima Wafula alihutubia. Gilgil, kambi za askari. Naivasha, vita. Alisema ndege zilishuka juu ya maji kama bata wenye injini, zikatema maofisa na magunia ya barua. Sauti ya mwalimu mzuri. Ndicho kinachoniudhi. Ni mwalimu mzuri.

Ufuo wenyewe hakuna. Ziwa limepanda. Pale ndege zilipofungwa sasa ni maji, miti mikavu imesimama ndani kama watu waliosahau njia, na paa la choo cha mtu linachungulia. Mwenye boti alituonyesha kwa kidole, akasema ni hapo, zaidi ya hapo hajui. Akasema tena: msitembee kwenye majani kule mbele, kuna kiboko mwenye mtoto, mwezi uliopita alimpasua mvuvi tumbo kama gunia. Tukaona masikio yake juu ya maji. Madogo. Ya kuchekesha.

Boti ilikuwa imevutwa nusu nje. Mama akaketi ukingoni mwake, mgongo kwetu. Nekesa alisimama penye maji ya magoti ananawa ule mdomo wake. Wafula akamfuata. Akamuuliza tena. Siku ya tano, mbele ya ziwa, mbele ya vita vyote vya dunia, mtu mwenye digrii anauliza firigisi.

Nekesa akanyanyuka. Akamtazama usoni.

"Niliila," akasema. "Ilikuwa tamu."

Wafula alimshika nywele akaingiza kichwa chake majini. Si mchezo. Si kutisha. Alimshikilia. Nilimwona Nekesa akipiga maji kwa ule mkono mbovu, matope yakapanda, mwenye boti akapiga kelele, mimi nikakimbia nikaanguka. Kwenye maji magoti hayakimbii. Nilikuwa napiga kelele ya jina la mtu ambaye sijui hata nilimwita nani.

Mama alinipita.

Mama ana miaka sabini na kitu na nyonga mbaya. Alinipita na kasia la boti mikononi. Miaka yote ya ndoa hajawahi kumgusa Wafula hata kwa kidole. Alianza na shingo. Lile kasia lilitoa mlio kama mlango wa stoo. Wafula akamwachilia Nekesa, akageuka, na nadhani hakuelewa, kwa sababu alipomwona ni nani aliinamisha macho. Kwa heshima. Mkwe hatazami mama mkwe. Akainamisha macho vizuri kabisa na Mama akampiga utosini. Akapiga magoti majini. Mama akapiga bega, nikasikia mfupa. Akampiga mgongoni. Akampiga tena mahali palepale, kama anayetwanga, bila hasira usoni, akihema. Damu ilienda na maji kwenye majani, nyembamba, kama uzi.

Nilimvuta Nekesa nje. Alitapika ziwa. Akawa mzima.

Wafula alikuwa kwenye tope kwa mikono na magoti. Mama akasimama juu yake. Akamwita kwa jina, mara ya kwanza.

"Wafula, baba, inuka nikuongeze."

Hakuinuka. Mwenye boti alimnyang'anya Mama kasia, kwa adabu, akimwita mathe. Kule mbele kiboko alitazama yote haya, akapuliza pua, akachukua mtoto wake akazama. Aliona mahali hapa si pa kulelea.

Alhamisi, 14 Agosti

Bega limevunjika. Kichwa nyuzi nyingi. Sikio moja halisikii vizuri. Nimeenda hospitali kumpelekea nguo, kwa sababu mtu lazima aende na mimi ndiye mzoefu wa nguo za watu wengine.

Daktari alikuwa ananisubiri anipe pole ya kiboko. Nikauliza kiboko gani. Akasema huyu mgonjwa alivamiwa na kiboko ufuoni, ni bahati tu. Nilimtazama Wafula. Wafula alitazama dari.

Nikaelewa polepole, halafu nikaelewa sana. Akitaka ng'ombe, lazima wazee waketi. Wazee wakiketi, lazima aseme kilichotokea. Mkwe aliyepigwa na mama mkwe, tena kwa kasia, tena akiwa amepiga magoti, hilo haliwezi kutamkwa kwenye kikao cha wanaume wa kwao. Watu wa kwao wangelitunga wimbo. Bora kiboko. Walimu wenzake wanamchangia tayari.

Nilimwekea nguo kwa kiti. Nikamwambia, "Pona haraka shemeji, huyo kiboko bado yuko." Ninaomba Mungu anisamehe jinsi nilivyofurahi.

Jumapili, 17 Agosti

Ndugu yake alikuja akamchukua, wakaenda Kitale. Hakuna aliyetaja ng'ombe.

Nekesa amefungua begi. Mimi nilikunja, yeye amekunjua. Kesho tutafungua kibanda pamoja. Ana jicho zuri la sweta.

Mama haongei habari ya ziwa. Anasema tu mkono unamuuma, akimaanisha wake. Leo alinunua kuku mzima sokoni, wa kienyeji, mkali, akamchinja mwenyewe nyuma ya nyumba. Tukala sote meza moja. Firigisi alimwekea Nekesa sahanini mbele yetu, akaketi. Nekesa aliikata vipande vidogo, akatafuna kwa upande usiouma. Akasema ndiyo mara yake ya kwanza, na kwamba ni ngumu kidogo.

Sote tukamtazama.

Musa akaacha kula. Akiwa na pengo hawezi kutamka vizuri, ikabidi aseme pole pole. Siku ile alichelewa kutoka Salgaa, sokoni kuku walikuwa wameisha. Kuku alimtoa kwenye friji ya duka la mjini. Firigisi wanauza kando.