Kiwanja cha Ekow Kule Kilimani

Elmina, Pwani ya Dhahabu
Tarehe 9 Juni 1861

Mpendwa mwanangu Ato,

Hujambo, baba? Zile homa za Java zimekuacha? Mimi mzima, ila magoti. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Wenzangu sokoni hulipa karani.

Kaka yako Ekow amerudi kutoka jeshi la Waholanzi huko kwenu, na nishani kifuani na mguu mmoja mbovu. Nikivaa kitambaa alichoniletea, wauza samaki wanasahau bei. Waholanzi wa ngomeni wanampa pensheni, na wamempa kiwanja kule kilimani wanakokaa askari wastaafu.

Kiwanja hicho ndicho kinachonichoma moyo. Uliondoka mdogo, labda umesahau: kwetu huchimbi msingi kabla ya kuwapelekea wenye ardhi chupa ya kinywaji. Ekow akachimba tu. Mzee Kwaw, mkuu wa ukoo wenye kilima, akamfuata.

"Mwanangu, kinywaji chetu kiko wapi?"

"Mzee, mguu wangu ulishalipa."

"Mguu uliwalipa Wazungu. Kwetu haujafika."

Watu wakacheka. Siku ya kuezeka hakuja jirani hata mmoja. Walikuja askari wenzake watatu, mmoja hana mkono. Paa halikusimama, mvua ikaziyeyusha kuta za udongo.

Nikanunua chupa, nikaipeleka mwenyewe. Mzee Kwaw akairudisha kwa adabu: "Mama Araba, hii huletwa na anayejenga." Nikampa Ekow. Akaniuliza, "Mama, nikaombe nilichokwisha kupewa?" Jioni nikaikuta chupa tupu. Ameinywa peke yake, mwanangu aliyepigana vita vya Bali. Sasa analala kwangu, na kiwanja kimeota majani.

Umeniuliza urudi au uchukue shamba wanalokupa Waholanzi huko. Hamu ya kukuona inaninyima usingizi. Lakini kaa huko, Ato; hapa watakupa kilima kilekile. Tena kabla hujachimba, uliza ni akina nani waliolima hapo kabla yako, uwapelekee chochote wanachopokea watu wa huko. Ikibidi kupiga magoti, piga. Hutapungua urefu.

Shangazi yako Efua anakusalimu. Ekow naye, ingawa hajui nimekuandikia haya. Msalimie mkwe wangu Tumirah. Mwambie wanangu wote ni wakaidi, asikuache uzungumze na wazee peke yako.

Mungu akupe nyumba yenye paa, na majirani wa kuliezeka.

Mama yako, anayekupenda hata akikukataza kurudi,
Araba