Njia Imehamia kwa Raya

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nyanya zangu zinanyauka mezani. Wateja wote kwa Raya – nyumba ya pili tu kutoka hapa! Zamani nusu ya Kihonda walikuwa wanakatiza uani kwangu kwenda lami. Mume wangu Anselmi alipopunguzwa kiwandani tukajenga vyumba viwili vya kupangisha, katikati ya njia. Watu wakahamia kwa Raya. Sasa ana genge, ana soda, ana friji! Roho inaniuma. Humu daftarini sidanganyi mtu – inaniuma.

Alhamisi, 8 Juni
Raya kapita na kanga mpya. Akaniuliza, Mama Dadi, za nyumbani? Nikamjibu nzuri. Nzuri wapi!

Jumamosi, 10 Juni
Balozi wa nyumba kumi kasema watu wa ardhi wanakuja kupima mtaa. Kila mtu kajenga alipotaka, hata gari la wagonjwa halifiki. Barabara itafuata njia ya watu. Yaani magari yasimame mlangoni kwa Raya? Thubutu! Anselmi ananicheka, eti barabara ikipita kwa jirani na sisi tumepata. Tumepata nini? Vumbi!

Jumatano, 14 Juni
Wamekuja. Kamba ndefu, kopo la rangi nyekundu. Mpimaji anaitwa Sufiani. Kauliza, njia ya watu ni ipi? Raya naye kaja. Mimi huyo – ya asili ni hapa kwangu! Miaka kumi wamepita hapa, muulizeni balozi! Nilijua watakula ua tu, genge langu libaki kando ya barabara. Sufiani akamgeukia Raya. Naye, kwa upole wake ule: kweli kabisa, Mama Dadi katutangulia, njia ni yake. Nikasema moyoni, leo nimempata!

Wakavuta kamba. Mita nane, upana wa barabara. Vyumba vya wapangaji vimo. Jiko limo. Kamba ikaja kukomea kwenye dirisha la chumba chetu.

Nimejifungia ndani, naandika kitandani. Anselmi yuko Mazimbu kwenye kibarua, hajui lolote. Brashi naisikia ukutani, wanachora alama ya kubomoa. Sufiani anagonga, anataka jina la mwenye nyumba. Sitoki! Nitoke niseme nini?

Raya yuko naye hapo nje. Anamtajia jina la mume wangu, polepole, asije akakosea kuliandika.