Tambuu Uliyoitafuna

Somo yangu Bi Mwanvita, nashika miguu yako.

Na kweli ulivyosema, mume akipendwa hata jina lake huwa tamu. Kutwa naliimba, "Kibwana, Kibwana," mpaka mawifi wananicheka: "Bibi arusi, jina litachakaa!"

Kibwana wangu anamtafutia Mzungu mmoja hapa Bagamoyo watu wa kumweleza mila zetu, aziandike. Wazee wote wamekataa. Alirudi mnyonge, nami nikayeyuka: "Mpelekee somo yangu tambuu. Akishaitafuna amefungwa na mwaliko, hawezi tena kukataa."

Jana mjumbe alileta jibu lako: "Nimeitafuna. Mwambieni mwanangu naja kumchezea ngoma."

Somo, hukuambiwa tambuu ile ni ya nini; hakuna ngoma. Kuna kiti mbele ya Mzungu, na atakuuliza yale uliyonifunda mlango umefungwa, niliyokuapia sitayatoa. Kibwana alinikumbatia kwa furaha, nikalia begani mwake asijue kwa nini.

Usije. Anayevunja mwaliko ni mimi, si wewe. Leo namwambia Kibwana, hata akininunia. Na kabla mwezi huu haujaisha nitafika Saadani mwenyewe, na tambuu nyingine mkononi, ya kukuomba radhi.

Mwari wako,
Mwanajuma