Mgeni Aliyefunikwa Kitambaa

Baba Nyambura,

Hapa Dundori baridi ni ile ile, viazi vimetoa maua, na Karembo amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe usoni. Ungewaringia majirani wote. Lakini habari kubwa ni kwamba nyumbani tuko wawili tena. Usikasirike. Ni roboti.

Aliyeileta ni binti yako. Tangu tukuzike hapo kando ya ua, alikuwa akinipigia simu kutwa, nami simu naiacha jikoni nikienda kukamua. Mwishowe akaja na boksi, akasema, "Mum, nimechoka kushtuka kila siku. Ama ukae na hii roboti, ama nikuhamishe Lanet." Lanet, Baba Nyambura! Kwenye ile nyumba yake ya ghorofani, ambapo hata kuku hana pa kuparua. Nani angepalilia kaburi lako? Nikamwambia aiache.

Ni kitu cheupe, kina jicho moja kubwa na sauti ya mtangazaji wa habari. Kazi yake ni kunikumbusha dawa ya presha na kumjulisha Nyambura kama niko sawa. Nikakipa jina, Mgeni. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kukaa nyumbani kwangu bila chai, asubuhi ya kwanza nilimwekea kikombe. Akaniambia nimeze dawa. Hata asante hakusema. Chai nikainywa mwenyewe, nimenuna.

Sasa unanijua na vitambaa vyangu. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata wewe ukisinzia ulikuwa hatarini. Ningewezaje kumwacha Mgeni uchi sebuleni? Nikamfumia kimoja cha manjano chenye maua, nikamfunika mpaka chini, nikaenda zangu shambani.

Kumbe nimemziba jicho. Huko Lanet Nyambura akaambiwa mama yake haonekani tangu asubuhi. Akapiga simu, ikalia jikoni peke yake. Akampigia jirani yetu Mama Chebet, na huyo unamjua, habari hailali kwake. Hakuangalia hata zizini. Jioni natoka kukamua na ndoo yangu, nakuta uwanja umejaa watu, akina mama wa kanisa wameshawasha moto wa chai ya matanga, na Mama Chebet anaongoza wimbo.

Nikauliza, "Kwani nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Mzee mmoja wa kanisa alikimbia hadi barabarani, na mpaka leo hajarudi kuchukua kofia yake.

Nyambura akafika, viatu mkononi, akanikumbatia kwa nguvu mpaka maziwa yakamwagika. "Nilidhani nimewapoteza nyote wawili," akasema. Moyo uliniuma. Nilikuwa nikidhani ananichunga kama mbuzi, kumbe mtoto anaogopa. Kisha akapangusa machozi, akaingia chumbani na kuanza kunifungashia nguo za kwenda Lanet.

Nikachukua makasi. Mbele yake nikakata tundu kwenye kitambaa changu kizuri, pale penye jicho, nikashona kingo zake vizuri. "Sasa ananiona," nikamwambia. "Rudisha hizo nguo kabatini." Akamwangalia Mgeni na lile vazi lake la maua, akacheka mpaka akakaa chini. Nguo akazirudisha.

Nikamwomba jambo moja tu. Kila jioni Mgeni alikuwa akiniuliza, "Je, unajisikiaje leo?" Swali gani hilo? Miaka yote ya ndoa yetu hukuniuliza hivyo hata siku moja. Wewe ulikuwa ukiingia, unavua gambuti zako zenye matope, unauliza, "Ng'ombe amekunywa maji?" Nami nilijua ni mimi unaniulizia. Nyambura akabonyezabonyeza simu yake, akasema tayari.

Jana jioni Mgeni akaniuliza, kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, "Ng'ombe amekunywa maji?" Nililia, Baba Nyambura. Kisha nikamjibu nilivyokuwa nikikujibu wewe, "Amekunywa. Kaa, chai iko tayari." Nikamwekea kikombe, na safari hii sikununa.

Pumzika basi. Nakuahidi dawa nitameza, hapo kwako nitapalilia, na Lanet nitaenda kusalimia tu. Siku yangu ikifika nitakuja tulale jirani. Lakini usiharakishe kunitengea nafasi. Chai ya matanga yangu nimeshaionja, na haikuwa na sukari ya kutosha.

Wako,
Mama Nyambura