Nimemwambia Mama Hoteli ya Kigoma ni Nyumba ya Rafiki Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, maana treni yetu ni mwisho wa mwezi huu na kamba niliyojifunga nimeifunga mwenyewe.

Mimi ni baba wa mapacha wa miaka kumi na minne, Kulwa na Doto, tunakaa Isevya hapa Tabora na nina duka la vipuri vya baiskeli. Likizo hii nilipanga kuwapeleka watoto Ujiji waone njia ya misafara ilikokuwa inaishia, kwa sababu babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka hapa mpaka ziwani, na pia kwa sababu mama yangu, Bi Zuena, tunayeishi naye, alizaliwa Ujiji akaolewa huku, na dada yake, mama mkubwa Anifa, bado yuko kule kwenye nyumba ya baba yao, na wawili hao hawajaonana mwaka wa kumi na moja sasa, ni simu tu, na mama mkubwa macho yameanza kumsumbua.

Mke wangu Leonia akasema nyumba ile ina vyumba viwili na bafu la nje, sisi tuko watano, tusimlemee mtu mzima, nami nikakubali haraka haraka kwa sababu, nikiri tu, nilikuwa nimeshaona kwenye simu hoteli moja ya Kigoma mjini iliyo ukingoni kabisa mwa ziwa, kila chumba kina kibaraza kinachotazama maji, na picha nimeshaituma kwenye grupu la wazazi wa shuleni na wamenipongeza. Nilipomwambia mama, aliweka kikombe chini, akasema, "Hotelini wanalala watu wasio na kwao. Nendeni, mtanisalimia dada yangu."

Nikaona safari inakufa, nikasema si hoteli mama, ni nyumba ya rafiki yangu Modesti, ya ghorofa, nilimlaza kwangu miezi mitatu, kabla hujahamia kwetu, alipokuwa anajifunza ufundi Tabora na atachukia tusipofikia kwake. Hilo mama analielewa, mtu uliyemlaza lazima naye akulaze.

Tangu siku hiyo mama hatulii, amenunua jogoo mweupe wa kumpelekea Modesti, ana dumu la asali, ana ndoo ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na juzi ameniuliza mke wa Modesti anaitwa nani ili amnunulie doti ya khanga, nikataja jina la kwanza lililonijia, Irakoze, wakati Modesti hana mke wala ghorofa, anauza dagaa sokoni na amepanga chumba kimoja. Nilipompigia alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akasema yuko tayari kusimama mlangoni mwa hoteli atupokee kama mwenye nyumba, ilimradi jogoo abaki kwake. Leonia anasema tuendelee hivyo hivyo, mama akishaona maji atasahau yote. Doto anasema bibi anajua kusoma na hoteli ina bango. Nifanye nini, mshauri?

Masele, Isevya.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Masele. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ni kwa sababu ya kwanza nilikuwa nacheka. Umemjengea Modesti ghorofa, umemwozesha, na treni bado haijaondoka hata stesheni.

Kutaka kibaraza si dhambi. Anayeshinda na grisi mikononi mwaka mzima ana haki ya kukaa akatazama maji. Hata Leonia, kuogopa kumlemea mtu mzima ni adabu, ila huyo mtu mzima mwenyewe hamkumwuliza.

Lakini unawapeleka watoto wakajifunze mambo ya kwao, na somo la kwanza ni namna ya kumdanganya bibi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mapokezi, mama yako amemkumbatia jogoo na binti wa mezani anamwomba kitambulisho. Atageuka hapo hapo, arudi stesheni. Dada yake atasikia kwenye simu kwamba Zuena alifika Kigoma na hakuonekana Ujiji. Na hata mama asipogundua, Anifa ataambiwa mtoto wa dada yake amefikia kwa rafiki wakati nyumba ya baba yao ipo. Hoteli angesamehe, angesema ni mambo ya vijana. Kufikia kwa mtu baki hatasamehe, na wewe ulidhani umeficha kosa, kumbe umelikuza.

Leo baada ya chakula kaa chini mbele ya mama yako, Leonia akiwa pembeni, umwambie yote, na habari za Irakoze pia. Usimsingizie mkeo. Mama atanuna siku mbili, vumilia. Mkishuka treni msipite hotelini hata kuweka mabegi, nendeni moja kwa moja Ujiji na jogoo ashukie huko. Laleni siku mbili, wewe na mapacha mkekani sebuleni, bafu la nje halijaua mtu. Huyo babu unayejivunia alifika kule kwa miguu na mzigo begani, sidhani kama aliulizia kibaraza.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi siku ya tatu mwombe mama mkubwa ruhusa ya kuhamia hotelini na mkeo na watoto. Atawapa, na atawatania sana. Mama yako mwache pale pale, usithubutu kumhamisha.

Na hoteli yenyewe, kabla hujathibitisha, uliza kama kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, kama wageni wa nje wanaruhusiwa kula na wenye vyumba, na usafiri wa Ujiji unapatikana umbali gani. Wazee wawili wakitaka kuja kunywa chai ukingoni na kuwacheka, waweze. Wenye hoteli wakikujibu hapana, tafuta nyingine, hata kama haipendezi kwenye picha. Modesti mpe matobolwa, ameyastahili kwa kukubali aibu isiyo yake.

Leonia mwanangu, unasema mama akiona maji atasahau. Huyo alizaliwa na ziwa mlangoni, hafuati maji. Anamfuata dada ambaye macho yanafifia, na kila wiki mnayoipoteza kupanga uongo ni wiki moja pungufu ya Anifa kuuona uso wa Zuena. Masele, mpigie simu mama yako mkubwa sasa hivi, kabla hujakunja gazeti hili, umwambie mnakuja kwake.