Shikamoo ya Mashine

Tunduma, mpakani

Kwa mama yangu mpendwa,
Tlawi, Mbulu, Mkoa wa Manyara.

Mama, utanisamehe, hapa juu siweki shikamoo. Najua mtoto hamwandikii mama yake bila kumwamkia, na Martha anayekusomea ameshaanza kukunja uso. Nitaiweka mwishoni, na sababu nitaieleza. Kwanza nauliza hali. Goti lako limepoa? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mahindi yamepata mvua? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea.

Martha mdogo wangu, soma polepole. Mwandiko ni mbaya kwa sababu nimeandika kwa kalamu, na kalamu niliiacha darasa la tano. Bakari amenifikishia maneno ya mama, kwamba barua ya herufi za mashine isisomwe tena nyumbani kwake. Nimeyapokea.

Bakari, huyo dereva wa Dongobesh anayeleta vitunguu swaumu huku, alinikuta ghalani nina gunia mgongoni. Hakunisalimia.

"Yohana, tua huo mzigo."

"Ngoja niufikishe."

"Tua, nimesema. Una akili wewe? Unamwamkia marehemu?"

Nilidhani ni utani wake. Kila safari anatutania sisi Wairaqw kwamba tunaongea kama tumekabwa. Nikamjibu, "Marehemu gani, wewe muuza harufu?" Hakucheka. Ndipo akaniambia.

Alisema alikuwa amekaa hapo kwetu anakunywa chai, baada ya kuwaletea barua yangu. Martha akaifungua, akaanza kusoma haraka kama kawaida yake: "Baba, shikamoo. Natumaini kifua sasa kimepungua." Akakwama hapohapo. Zamani barua yangu ikisomwa, baba alikuwa anaitikia kana kwamba nimesimama mlangoni. "Marahaba," halafu anamwambia Martha, "Endelea." Bakari anasema siku hiyo wote mlikiangalia kigoda chake. Kisha wewe mama ukasema, kwa sauti ndogo, "Marahaba. Endelea."

Mama, nilikuwa najua kwamba baba amefariki. Nilijua tangu masika. Usidhani habari haikunifikia, na usikubali mtu yeyote anitetee kwa hilo.

Mnajua kazi yangu ni kupakia na kushusha magunia. Pembeni ya ghala kuna steshenari ya Mama Neema, ambako madereva wanachapiwa karatasi zao. Kukiwa hakuna lori nilikuwa nakaa pale kivulini, na yeye akaanza kunifundisha kompyuta. Alinifunika mikono kwa kanga ili nisiangalie vitufe. "Acha kutafuta kwa macho," anasema, "utachapa kama kuku anayedonoa." Kwenye herufi F na J kuna vinundu vidogo. Vidole vya shahada vinakaa hapo, na vingine vinajipanga vyenyewe. Nilikuwa nashindwa, mpaka siku moja nikakukumbuka wewe unavyokamua alfajiri huku unamgombeza Martha habari ya kuni. Macho yako hayapo kwenye kiwele, na mikono haikosei. Nikafumba macho, nikajifanya nakamua. Nikaweza.

Basi nikawa naandika barua zenu kwa mashine, na baba akafurahi. Martha uliniambia anazunguka nazo kwa majirani, anasema, "Huyu aliyeishia darasa la tano, tazameni, anaandika kama mtu wa serikali."

Halafu Mama Neema akanionyesha njia za mkato. Unabonyeza Kontroli pamoja na C, mashine inayashika maneno. Unabonyeza Kontroli pamoja na V, inayabandika mahali pengine, vilevile yalivyokuwa. Mikono haiondoki mahali pake. Mama, mtu wa magunia akionyeshwa kitu kisichochosha, anakipenda kupita kiasi. Nikaona salamu zenu ni zilezile kila mara, za nini kuzichapa upya? Nikawa nazichukua kwenye barua ya zamani nazibandika kwenye mpya, kisha naanzia kwenye habari. Hata juu ya ile barua paliandikwa Mkoa wa Arusha, na ninyi mmeshakuwa Manyara tangu mkoa ulipogawanywa. Mashine haikujua lolote. Mimi nilijua, lakini sikuangalia. Vidole vilibandika shikamoo ya baba wakati macho yangu yako dirishani yanatazama malori.

Haijaishia hapo. Msiba ulipotokea, Mama Neema mwenyewe aliniambia, "Nenda ukamzike mzee wako." Nauli alikuwa tayari kunipa. Lakini wiki ile binti anayemchapia alikuwa ameenda kujifungua, na kiti chake kilikuwa wazi. Niliogopa kwamba nikiondoka nitakuta kimekaliwa na mtu mwingine, na mimi nitarudishwa kwenye magunia. Nikamwambia nitaenda baadaye. Ninyi nikawatumia maneno kwamba mvua imekata barabara. Barabara haikukatika, mama. Kaka Daniel alipokuwa anachimba kaburi, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mto. Na nilikaa vizuri. Mgongo ulipoa siku zile, nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata uongo wenyewe.

Binti alirudi na mtoto wake, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nikarudi kwenye magunia, kama ulivyosikia Bakari alivyonikuta.

Nimewaza sana kwa nini vidole vyangu havikukwama kwenye jina la baba. Nadhani ni kwa sababu sikumwona akishushwa. Sikutupa udongo. Kwangu mimi bado alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasubiri barua ili aseme "Endelea". Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nimekuandikia kwa sababu uliitikia kwa niaba yake mbele ya watu, ukanisitiri, na mimi sikustahili.

Sasa salamu. Hizi nimeziandika moja moja, na kila jina nimemuuliza Bakari kwanza.

"Mjomba Tluway yupo?"

"Yupo, bado anagombana na mbuzi wa jirani."

"Shemeji yangu, mke wa Daniel?"

"Yupo. Wote wapo, Yohana, andika tu. Aliyeondoka ni mmoja."

Kwa hiyo nisalimie mjomba Tluway, na mbuzi pia. Nisalimie kaka Daniel, aliyefanya kazi yake na yangu siku ile. Mwambie chochote atakachonitukana ni haki yake. Nisalimie shemeji, na Mama Theresia jirani yetu, aliyelala na wewe siku za matanga wakati mimi nalala kwangu. Na wewe Martha, pole kwa kukutia maneno yale mdomoni. Ulikuwa unasoma nilichoandika tu.

Baba simtumii salamu. Nimekuja kumwamkia mwenyewe alipolala, kama atanikubali, na kama wewe utaniruhusu.

Ndiyo, mama. Bakari hakuja peke yake. Barua nimeiandika Tunduma, nikaja nayo njia nzima mfukoni, nikampa yeye ailete mpaka mlangoni. Wakati huu mnaposoma, mimi nimesimama kwenye lori, hapo barabarani chini ya shamba. Nimeshindwa kuingia uani kama mtu anayetoka mnadani. Ukinyamaza, Bakari ataelewa, atarudi kwenye lori na tutaondoka, na sitakulaumu. Ukiitikia, sema kwa sauti yako ya kuitia ng'ombe. Itanifikia.

Martha, huu ndio mstari wa mwisho. Ukishausoma weka karatasi chini, wala usiitikie kwa niaba ya mama.

Mama, shikamoo.

Mwanao Yohana,
niko barabarani, nasikiliza.