Edo Hakuwemo Shimoni

Kamwene Mama,

Jana kwenye simu ulilia tu, hukunisikia, ndiyo maana nakuandikia: Edo ni mzima kabisa. Nilifika Chunya na vumbi hadi kwenye kope, nikaenda moja kwa moja kwenye shimo la dhahabu lililotitia. Wachimbaji wakasema wote walitolewa salama, na mwanao hakuwemo kabisa. Alikuwa ametoroka kazini!

Nilimkuta kwa mama ntilie, wali maharage unapoa mbele yake, anaimba ule wimbo wa Kimeksiko aliojifunza kwenye simu, wa mhuni wa uswahilini anayependwa hata na wale aliowaibia kuku.

"Huyu ananidanganya kila siku," mama ntilie akaniambia huku anacheka, "ila asipokuja, hapa panapooza."

Nilimzaba kofi, halafu nikamkumbatia nikalia.

"Dada, Mama naye alilia?" akauliza.

Nikamwambia hujala siku mbili. Edo wetu, Mama, akasukuma sahani, akaniomba kalamu akuandikie.

Hilo neno "Mama" lililopinda hapo pembeni kaliandika yeye. Alishindwa kuendelea.

Kula sasa, Mama, ulale vizuri. Tunakupenda sana.

Binti yako,
Neema